Makofi Kabla ya Mwisho

Tarehe 4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Mwalimu wetu wa Kiswahili ametukataza kuanza barua kwa kusema "mimi ni mzima, hofu ni kwako." Anasema maneno hayo yamechoka. Lakini mimi kweli ni mzima, na kweli nina hofu kwako, maana hujaniandikia tangu mwaka jana. Kwa hiyo nimeyatumia hivyo hivyo yalivyochoka.

Nina jambo la shule. Mwalimu wa muziki, yule niliyekuambia anavaa jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine juu ya kichwa, na bado huuliza miwani yake iko wapi, ametupa zoezi la muhula. Kila mmoja wetu achague muziki mmoja, ausikilize katika rekodi tofauti, kisha aandike ipi ni bora na kwa nini. Rekodi itakayotetewa vizuri kuliko zote ndiyo itakayopigwa siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi. Wenzangu wamechagua vipande vifupi. Mimi nimechagua simfonia ile ndefu ya sehemu nne, ambayo haimaliziki kwa kishindo bali inafifia polepole kama taa inayoishiwa mafuta. Nimeichagua kwa sababu katika kabati la shule kuna santuri zake tatu, na ya tatu ni ya okestra yenu. Jina lako limeandikwa nyuma ya jalada, katika safu ya wapiga chelo. Nimewaonyesha darasa zima. Mmoja akauliza chelo ni kitu gani, nikamwambia ni fidla iliyokua mpaka ikabidi ipigwe kwa kukaa.

Nikueleze nilivyosikia mpaka sasa. Rekodi ya kwanza ni kuukuu, ina mchakacho kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili. Kiongozi wa okestra ana haraka. Ile sehemu ya mwisho, ambayo ni ya kuaga, yeye anaaga kama mtu ambaye gari lake limeshawashwa. Ya pili imefanywa studio. Kila chombo kinasikika, hakuna anayekosea, hakuna anayekohoa. Ni kama sebule ya wageni, safi kabisa lakini huwezi kunyoosha miguu. Ya tatu, yenu, ilirekodiwa ukumbini mbele ya watu. Watu wanakohoa. Tarumbeta moja inateleza katika sehemu ya pili. Lakini mnapiga kama watu wanaojuana.

Halafu yupo yule mtu. Shangazi, lazima unamkumbuka. Kule mwishoni, sauti zimebaki nyembamba kama uzi, ukumbi mzima umeshika pumzi, mara pa! pa! pa! mtu mmoja anapiga makofi. Peke yake. Muziki bado haujaisha. Anapiga kidogo kisha anaacha ghafla, ungedhani amekatwa mikono. Darasa liliangua kicheko. Mmoja akasema, "Huyo alikuwa amesinzia, kazinduka akadhani yuko harusini." Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Jioni niliwasimulia nyumbani tukiwa mezani, nikaigiza na makofi yenyewe. Mama hakucheka. Baba alisema bawaba ya mlango wa jikoni inalia, akaacha chakula nusu akaenda kuitazama. Bawaba hiyo aliitia mafuta Jumapili.

Alikuwa nani yule? Na mlimfanya nini?

Mwanao,
Chiriku (bado naongea sana, hukukosea kunipa jina)


Tarehe 19 Februari

Chiriku wangu,

Nisamehe kwa kukawia. Tulikuwa safarini, na hoteli tulizolala meza zake zilikuwa ndogo kuliko barua.

Umeanza vizuri. Ulichosema kuhusu sebule ya wageni ningependa kumsomea kiongozi wetu, lakini rafiki yake ndiye aliyeiongoza rekodi ile, tutanuniana. Angalia jambo moja. Unaandika kwamba kiongozi wa kwanza ana haraka. Haraka peke yake siyo kosa. Sikiliza kama anakimbia kwa sababu anajua anakokwenda, au kwa sababu anaogopa kukaa pale alipo. Sehemu ya mwisho ya simfonia hii inawaogopesha watu wengi. Ina ukimya mwingi, na mtu asiyezoea ukimya hutafuta cha kufanya.

Kuhusu rekodi yetu, usiitetee kwa kuwa mimi nimo. Ina makosa. Haikuwezekana kuirudia, kwa sababu kiongozi wetu wa wakati ule alikuwa anastaafu usiku huo huo, basi ikatolewa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe sina nakala. Ningekuwa wewe ningechagua ya pili.

Mtu aliyepiga makofi simjui.

Sasa habari njema. Mwezi wa sita tunakuja kupiga katika ukumbi wa mji wenu, na tutapiga simfonia hiyo hiyo. Baada ya hapo nastaafu, vidole vimeanza kunidai likizo. Nimeweka ndani ya bahasha tiketi mbili, yako na ya Mwalimu wako mwenye miwani. Mwambie avae moja tu, anaweza kutuona mara mbili.

Wasalimie nyumbani.

Shangazi yako


Tarehe 2 Machi

Shangazi mpendwa,

Tiketi nimezipata na nimezificha ndani ya kamusi, kwenye herufi T, ili nisizisahau. Asante sana.

Nimeanza kutumia njia ya Mwalimu ya kusikiliza. Anasema, "Ukiingia sokoni ukawasikiliza wote, husikii mtu. Mshike mmoja, umfuate mpaka aondoke zake." Yaani unachagua chombo kimoja, unakifuata toka mwanzo hadi mwisho, vingine unaviacha vipite. Ni kazi. Tarumbeta zikija nasahau kila kitu kama mtoto aliyeona puto. Nimeanza na zumari, wiki ijayo nitaingia kwenye chelo.

Kuna kitu nimekiona kwenye jalada. Picha ya okestra ni ndogo, ila nilichukua kioo cha kukuzia cha maabara. Wote mmekalia viti vya chuma, isipokuwa wewe. Wewe umekalia kigoda cha mbao. Nilimwambia Baba. Alikuwa anapiga randa, hakuinua kichwa. Akauliza, "Cha miguu mitatu au minne?" Nikasema mitatu. Randa ikasimama. Akauliza tena, "Una hakika?" Nikamwambia nimehesabu kwa kioo. Akasema, "Mguu wa nyuma unalegea ule," kisha akaendelea kupiga randa mahali ambapo palikuwa pameshalainika.

Wiki iliyofuata shule ikahitaji mtu wa kutengeneza rafu za chumba cha muziki, na Baba, ambaye kazi za shule huwa anazikimbia kwa sababu walimu wanapenda kumwelekeza jinsi ya kushika msumeno, akajitolea mwenyewe. Nilimpigia rekodi yenu akiwa anapima. Alisikiliza amesimama, penseli sikioni. Ilipokaribia mwisho akasema amesahau futi ya kupimia, akatoka. Futi ilikuwa mfukoni mwake, Shangazi. Niliiona.

Najua wewe na Baba hamwandikiani. Nikiuliza naambiwa ni mambo ya wakubwa, nami siulizi tena. Nauliza jambo moja tu, na ukikataa sitakasirika. Mwalimu anasema yeye anaweza kujitafutia tiketi yake. Je, ile ya pili naweza kumpa Baba?

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 15 Machi

Chiriku,

Hapana, mwanangu. Mpe Mwalimu.

Kaka yangu hapendi muziki huu. Siku moja, zamani, aliniambia usoni kwamba ni mrefu kama foleni ya hospitali. Mtu halazimishwi kupenda, wala usimlazimishe yeye. Atakaa pale ukumbini akitazama mbao za dari na kutafuta zilizopinda.

Endelea na chelo. Sehemu ya tatu ina mahali pagumu ambapo sote hujifanya tunapiga kila nota. Ukipagundua, utakuwa msikilizaji wa kweli, na unifichie siri.

Je, bado anakohoa akishinda kwenye vumbi la mbao? Nauliza tu.

Shangazi


Tarehe 28 Machi

Shangazi mpendwa,

Anakohoa, ila kidogo. Mama humfunga kitambaa puani, naye hukiteremsha shingoni Mama akigeuka.

Mahali penu pa kujifanya nimepagundua. Siri yenu iko salama.

Lakini leo nimeandika kwa sababu ya jambo lingine, na naandika mbiombio, kwa hiyo usiukosoe mwandiko. Nimemfuata mmoja sokoni kama nilivyofundishwa. Nimekufuata wewe. Nimezisikiliza chelo peke yake katika rekodi zote tatu, huku nikiwa na kitabu cha nota mbele yangu, na nimeona kitu ambacho sikukijua. Chelo hazifiki mwisho. Mtunzi amewaandikia wapiga chelo sauti moja ndefu, ya chini, inayopungua na kupungua, halafu basi. Baada yake mistari yenu ni mitupu. Zinabaki fidla ndogo peke yake, zinaendelea muda mrefu, mpaka nazo zinapotea.

Ndipo nikarudi kwenye rekodi yenu. Sauti yenu ya mwisho inapungua. Inakatika. Na hapo hapo, siyo kabla wala baadaye, ndipo mtu yule anapoanza kupiga makofi. Nimerudia mara nyingi mpaka Mwalimu akasema sindano itatokea upande wa pili wa santuri. Mwishowe yeye naye akavaa miwani yake yote, akasikiliza, akasema, "Huyu hakuwa amelala."

Shangazi, tulimcheka bure. Mtu aliyezinduka usingizini hawezi kupatia kiasi kile. Yule alikuwa akizifuata chelo kuliko mimi. Kwake yeye muziki ulikuwa umekwisha kweli, kwa sababu alikuwa hajui kama kuna kitu kingine baada ya chelo. Nilimuuliza Mwalimu, mtu wa namna gani anaijua simfonia nzima kwa chelo tu? Akafikiri, akasema, "Labda jirani wa mpiga chelo."

Nimeandika hayo yote kwenye insha yangu, na jana usiku nikamsomea Baba, kwa sababu ndiye anayejua kunisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alipangusa vumbi mezani kwa kiganja. Kisha akasema, "Mwandikie shangazi yako kwamba ukuta ulikuwa wa mbao."

Nikamwuliza ukuta gani. Akasema, "Wewe andika tu. Yeye anaujua."

Basi nimeandika.

Chiriku


Tarehe 9 Aprili

Kaka,

Nilikuwa sijavua hata koti nilipoisoma barua ya mwanao, na nikaisoma hivyo hivyo, nimesimama mlangoni.

Ukuta ulikuwa wa mbao. Upande huu chumba changu, upande wa pili meza yako ya useremala. Kila jioni mimi nikifanya mazoezi na wewe ukipiga msasa, na nikifika mwisho wa simfonia ile, sauti yangu ikikatika, wewe ulikuwa unapiga makofi nyuma ya ukuta. Nami nakujibu kwa kugonga kigoda mara mbili. Mama yetu akipita korido anasema, "Haya, wameshapeana taarifa, sasa njooni mle." Nilikuwa nimesahau. Hapana, nisikudanganye, sikusahau. Sikuyaunganisha tu na makofi ya ukumbini.

Usiku ule mimi nilikuwa nasikia okestra nzima. Haikunijia akilini kwamba wewe ulikuwa hujawahi kuisikia. Ulikuwa umenisikia mimi tu. Niliyatambua makofi yako kabla watu hawajageuka, na nikakumbuka ulivyosema asubuhi yake kuhusu foleni ya hospitali, nikasema, amechoka, anataka tumalize, ananifanyia mzaha mbele ya watu. Kiongozi aliponiuliza nyuma ya jukwaa kama nakujua, nikasema simjui. Nawe ulikuwa mlangoni umeshika kigoda changu. Na mwezi wa pili mwaka huu, mtoto ameniuliza, nimemjibu vile vile.

Binti yako ametupekua wote wawili kama mifuko ya koti. Tiketi ya pili ni yako. Njoo, kaka.

Mdogo wako


Tarehe 21 Aprili

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Mimi siyo mtu wa kuandika, unajua, na huyu mtoto amekaa karibu anajifanya anasoma gazeti. Gazeti lenyewe amelishika juu chini.

Foleni ya hospitali ulikuwa mzaha. Nilikuwa na wasiwasi kuliko wewe. Shati niliazima.

Nilisikia ulichomwambia yule mzee, kiongozi wenu. Nikafikiri, ana haki, nimemharibia kazi yake, ya watu wote wale, na imeshaingia kwenye santuri haifutiki. Nikaona nikae mbali nisiharibu tena. Ndiyo hivyo tu. Sikuwa na kinyongo, nilikuwa na haya.

Mwezi wa sita uje na kigoda. Mguu wa nyuma haukukaa vizuri tangu siku niliyokitengeneza, nilikuwa mwanafunzi, gundi niliweka kidogo. Nitakirekebisha.

Ila ukumbini sitaingia. Mikono hii siiamini. Nikisikia sauti yako imekatika itapiga yenyewe. Nitakaa nje hapo kwenye ngazi, mlango ukiachwa wazi kidogo nitasikia. Chakula baada ya hapo tutakula pamoja.

Kaka yako


Tarehe 10 Mei

Shangazi mpendwa,

Hajabadilisha mawazo. Nimejaribu, Mama amejaribu, hata Mwalimu amejaribu. Anasema, "Mtu aliyevunja vyombo mara moja hukaa mbali na kabati." Nikamwambia kabati ndilo linalomwita. Akasema nimezidi kusoma vitabu.

Lakini nikuambie kitu. Zile rafu za chumba cha muziki ziliisha zamani, na bado anakuja. Akamaliza rafu akaanza droo, akamaliza droo akatengeneza vibao vya kuwekea nota. Mwalimu anasema shule yetu sasa ina droo nyingi kuliko vitu. Kila akija ananiomba niweke rekodi ya tatu, "kwa ajili ya insha yako," wakati insha nilishaikabidhi. Fidla zinapobaki peke yake anashika meza kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mashua. Ijumaa aliweza kufika mwisho kabisa. Jumatatu hakuweza, sauti yenu ilipokatika aliangusha nyundo. Akanitazama kama mtoto aliyemwaga maziwa.

Insha nimepata alama nzuri, siyo ya kwanza. Mwalimu ameandika pembeni, kwa wino mwekundu: "Umemtetea msikilizaji kuliko rekodi." Siku ya kufunga shule itapigwa rekodi ya mwenzangu. Ilinichoma kidogo, sitasema uongo. Lakini siku yenyewe inayonihangaisha siyo hiyo tena. Mwambie kitu, Shangazi. Mimi maneno yameniishia, na unajua hilo si jambo la kawaida.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 22 Mei

Chiriku wangu,

Msomee hii, polepole, akiwa ameweka nyundo chini.

Kaka, nikimaliza sehemu yangu, upinde wangu nitauweka juu ya goti. Ukiuona juu ya goti, ujue fidla bado zipo, hata kama huzisikii vizuri. Mimi nimemaliza, wao bado. Zikinyamaza na wao wakamaliza, nitauteremsha upinde mpaka chini, ncha iguse sakafu. Upinde ukigusa sakafu, mikono yako ni huru. Nitakaa ukingoni upande wa kushoto ili unione. Nimeshabadilishana nafasi na mwenzangu, nimemwambia nina kaka mgeni wa mambo haya. Akauliza, "Ni yule wa kwenye santuri?" Nikamwambia ndiye.

Na usipoingia, kaka, nikimaliza nota yangu ya mwisho ya maisha yangu yote nitajuaje kwamba nimemaliza?

Basi, mwanangu. Akikubali, usiniandikie. Nitamwona mwenyewe.

Shangazi


Tarehe 14 Julai

Shangazi mpendwa,

Tangu uondoke nyumba imekuwa kimya, na Mama ameninyang'anya kile kijiko ulichokuwa ukipigia sufuria kunionyesha mapigo, anasema sufuria si ngoma. Kigoda chako bado kimebanwa kwenye jiliwa. Baba anasema gundi haijakauka. Mama amemuuliza ni gundi gani hiyo ya kukauka mwezi mzima. Amejibu ni gundi nzuri, haitaki haraka, na mwenye kigoda akikitaka aje akifuate mwenyewe. Nadhani umeelewa.

Kifurushi kimefika salama. Nimeisikiliza hiyo rekodi ya ukumbini mara tatu, na kwa kuwa umeniomba nikuandikie kama nilivyoandika zile nyingine, nakuandikia.

Rekodi ya nne. Siyo ya haraka kama ya kwanza wala safi kama ya pili. Watu wanakohoa kidogo, na mmoja wao ni baba yangu, katika sehemu ya kwanza, kabla sijampa peremende. Tarumbeta hazitelezi. Pale penu pa kujifanya mmejifanya vizuri sana. Sehemu ya mwisho inakwenda taratibu kuliko zote nne, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ile siyo huzuni tu. Ni kama mtu anayeaga akiwa ameshika mlango, hataki kuufunga, kila akitaka kuufunga anakumbuka neno moja zaidi.

Sasa yale ambayo rekodi haionyeshi, na wewe jukwaani hukuyaona. Chelo zilipofikia sauti ya mwisho, Baba aliikalia mikono yake. Kweli, aliiweka chini ya mapaja akaikalia. Sauti yenu ikakatika. Nilimsikia akivuta pumzi. Macho hayakutoka kwenye goti lako. Fidla zikaendelea, zikaendelea, mimi mwenyewe nikafika mahali sikujua kama bado nasikia au nakumbuka. Upinde ukashuka. Ukagusa sakafu. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza, hata kiongozi wenu mikono bado iko juu, na Baba akaitoa mikono yake kutoka chini ya mapaja.

Ndiyo maana katika rekodi makofi ya kwanza hayalii vizuri. Yana sauti nzito, kama mtu anapiga mito. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Lakini ni yake, peke yake, kabla ya watu wote.

Kisha inasikika ko, ko. Mara mbili, ya mbao. Halafu ndipo ukumbi unapolipuka.

Leo nimempigia Mwalimu rekodi hiyo. Amesifu kila kitu, ila amesema mwishoni kuna kasoro ndogo, kuna mtu amegonga kitu jukwaani, ni bahati mbaya kwamba hawakuifuta. Nilimwambia siyo kasoro, ni jibu. Akateremsha miwani ya kichwani akaiweka juu ya ile ya machoni, akaniangalia, akasubiri niendelee kuongea kama kawaida yangu. Sikuongeza neno.

Jioni nikaipiga nyumbani. Baba alikuwa sakafuni, amekitoa kigoda kwenye jiliwa, akipima mguu wake kwa mara ya mia. Hakugeuka. Alisema tu, "Hebu irudishe hapo mwishoni."

Nikairudisha.

Mwanao,
Chiriku